Upande wa Msalaba, Upande wa Duara

Injinia aliandika msalaba upande mmoja wa kila yai na duara upande wa pili, kwa penseli, ulimi nje kama mtoto wa chekechea. Hakuwa injinia hata kidogo. Alikuwa fundi wa televisheni aliyeshindwa na televisheni za siku hizi, na sasa friji bovu la sebuleni alikuwa amelitia balbu mbili, feni ya kompyuta, kipimajoto na bakuli la maji, akaliita mashine ya kutotolea vifaranga. Dada yake alimruka miguu akiwa na ndoo ya mashuka.

"Dada, usitingishe sakafu," alisema. "Kuna uhai humu."

"Na chumbani je, kuna magunia?"

Chumbani alikuwamo mama yao. Kiharusi kilimlaza tangu mvua zilizopita, kikamwachia neno moja tu, "haya", na macho yasiyobanduka mlangoni. Nesi wa zahanati aliwaeleza wote wawili, si mmoja: mgonjwa wa kitandani lazima ageuzwe kila baada ya saa chache, la sivyo mwili utachimbika vidonda. Injinia alitikisa kichwa kukubali, kwa makini kabisa. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tangu siku hiyo dada mtu aligeuza peke yake, kiuno kikimwuma, na bado kidonda kikaingia nyongani mwa mama. Saluni yake ya kusuka ikafungwa. Kila akimwomba ndugu yake amsaidie, jibu lilikuwa lile lile: "Nitamwumiza, dada. Mikono yangu ni ya bisibisi."

Basi mikono hiyo ya bisibisi sasa iligeuza mayai asubuhi, mchana na jioni. Alamu ya simu ikilia tu, Injinia alisimama, hata kama ana tonge mdomoni. Aliyashika kwa ncha za vidole na kuyasemesha kwa sauti ya chini. Majirani waliokuja kuona mashine aliwafundisha kwamba yai lisipogeuzwa, kilichomo hugandamana na gamba na kufa. "Inasikitisha sana," alisema. Dada, aliyekuwa dirishani akianika mashuka, alibana kibanio cha nguo mpaka kikavunjika.

Kesho yake mchana aliingia chumbani na maji ya uvuguvugu akamkuta mama ameshageuka. Mto ulikuwa umekaa sawasawa katikati ya magoti na shuka halikuwa na kunyanzi. Begani, kwa penseli, palikuwa na duara. Dada akachungulia bega la pili, akakuta msalaba. Alisugua kwa sabuni, haukutoka.

"Nani amekugeuza?"

"Haya," alisema mama.

Jioni alisimama mahali anapoona sebule na chumba kwa pamoja. Alamu ikalia. Injinia akafungua friji, akageuza mayai moja moja, na alipomaliza la mwisho mama aliinuka kidogo, kama mtu anayeshikwa na mikono inayojua kazi, akalala, sasa msalaba ukiwa juu. Dada alingoja aone kama kuna jingine. Hapakuwa na jingine, akaenda kuosha vyombo.

"Ukigeuza mayai, mama naye anageuka," alimwambia ndugu yake.

"Afadhali," alisema Injinia, jicho kwenye kipimajoto. "Ila usiache mlango wazi, joto linashuka."

Wakaishi hivyo. Dada akafungua saluni, na wateja wawili watatu wakarudi wakilalamika kwamba aliwatupa. Kidonda kikaanza kufunga. Nesi alikitazama akaridhika, kisha akaona duara begani akasema hilo la kuweka alama ni wazo zuri, atawaambia na wengine. Siku moja Injinia alichelewa mjini, na dada akaona afanye mwenyewe. Akageuza trei nzima kwa adabu zote. Mama hakutikisika hata kidole. Injinia alirudi, akagusa mayai yale yale, na mama huyoo, akageuka.

"Ala! Hata miujiza ya nyumba hii inamtaka yeye," alisema dada, akaupiga mlango teke.

Zikafika siku tatu za mwisho kabla ya mayai kuanguliwa. Injinia akafunga friji na kuzima alamu.

"Mbona hugeuzi?" dada akauliza.

"Siku za mwisho mayai hayageuzwi. Kifaranga anajipanga atoke. Ukimsumbua, umemuua."

"Na mama?"

"Mama si yai, dada."

Dada alimkodolea macho. Lilikuwa neno la kweli, na ndilo lililomuudhi kuliko yote aliyowahi kumwambia.

"Haya, njoo basi unishikie bega tu. Kiuno kimekatika."

"Nikiondoka hapa nani ataangalia unyevu?"

Saluni ikafungwa tena. Dada alimgeuza mama kwa goti, kwa kiwiko, kwa kuvuta shuka, na kwa matusi aliyoyameza. Kidonda kikafunguka.

Kisha vifaranga wakaanza kutoka, mmoja akakwama. Injinia alipiga magoti asubuhi nzima na kitambaa chenye maji ya vuguvugu, akimbandua gamba kipande kwa kipande, machozi yakimdondoka. "Pole, mwanangu. Polepole. Nipo hapa." Majirani waliojazana sebuleni walisema kijana huyu ana huruma, hawezi kuumiza hata sisimizi, na kwamba mama yake amebahatika. Mama yake wakati huo alikuwa amening'inia katikati ya pande mbili, dada amemkumbatia kwa nyuma, pumzi zimemwishia, akishindwa kumpeleka mbele wala kumrudisha.

"Haya," alisema mama, akitazama mlango.

Siku ya pili yake dada alikwenda kwa mfugaji akarudi na trei ya mayai. Akaitua miguuni pa ndugu yake.

Injinia alicheka mpaka meno ya mwisho yakaonekana. "Nilijua tu! Ulikuwa unanuna bure. Sasa umeona faida ya kuku."

"Nimeona. Andika alama zako."

Aliandika, ulimi nje. Alamu ilipolia walikuwa mezani. Injinia akaacha sahani, akapita mbele ya chumba cha mama bila kugeuza shingo, akachutama penye friji. Ndani, mama aliinuka kidogo, akageuka taratibu upande wa mlango, akautazama mgongo wa mwanawe.

"Haya," alisema. "Haya. Haya."

"Dada, mfungie mama mlango," alisema Injinia. "Kuna uhai humu."

Dada alichukua mkoba wake wa vitana akaenda kufungua saluni. Mlango aliuacha wazi.