Mwalimu Aliyeagwa Mapema

Ubaya wa kuagwa mapema ni kwamba watu wanaamini umeondoka.

Mkuu wa shule yetu alikuwa mtu wa mkupuo mmoja. Hakupenda kufanya jambo mara mbili ikiwa mara moja ingetosha. Mwaka ule mhasibu alikuwa anastaafu, mkutubi anahamishwa, na mkataba wangu wa kufundisha kemia katika nchi ile ya watu ulikuwa unaisha baada ya mitihani ya mwisho wa mwaka. Mkuu akaona hakuna haja ya sherehe tatu. Tuliwekwa mbele ya walimu wenzetu tumejipanga kama watuhumiwa, keki moja, hotuba moja, tukasifiwa kwa jumla na kukabidhiwa kila mtu begi lake la safari. Mhasibu akaenda zake kupumzika. Mkutubi akapanda gari lililokuja kumchukua. Mimi Jumatatu asubuhi nikarudi kazini na chaki zangu, na muhula mzima ulikuwa mbele yangu.

Sekretari aliponiona akashika kifua. Kila asubuhi baada ya hapo aliniuliza kama bado nipo, na kila asubuhi nilimjibu kwamba nadhani nipo. Katika chumba cha walimu kiti changu alikuwa amepewa mwalimu mpya wa jiografia, kijana mwenye adabu aliyekuwa akiinuka nusu kila nikiingia, akabaki hivyo, hajakaa wala hajasimama, mpaka nitoke. Kikombe changu kilipata mwenyewe mwingine. Mwalimu wa biashara, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa vizuri, akanibandika jina la Marehemu Mtarajiwa, na likanikaa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilikuwa nimenyang'anywa.

Mwanzoni nilikasirika, halafu nikaanza kuona raha yake, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtu aliyeagwa haulizwi kitu. Hakuna aliyedai maandalio yangu ya masomo, hakuna aliyenipangia zamu. Nikaanza kufundisha mguu ndani mguu nje. Nilikuwa nimemaliza nadharia, yale ya kwenye vitabu, nikawaachia wanafunzi wa darasa la mwisho maswali ya marudio, nami nikakaa dirishani nikiwaza nyumbani. Huko nilikuwa nimemwacha binti yangu mdogo kwa mdogo wangu wa kike. Alikuwa hajui kusema "r" nilipoondoka. Sasa aliisema kwenye simu mpaka sikio likauma, na mimi sikuwepo siku alipoipata. Jambo hilo liliniuma kuliko ninavyoweza kueleza.

Siku moja Mkuu aliniita ofisini. Alisema kwa upole kwamba kama nataka kuondoka kabla ya mitihani, yeye hatanizuia, atasaini, maana kwa kweli nilishaagwa. Mwalimu mwingine wa kemia angekuja mwaka unaofuata. Nikamuuliza kuhusu mtihani wa vitendo, ule wa maabara. Akajikuna kidevu, akasema watoto wa siku hizi ni wajanja, watajua la kufanya.

Nilijua kabisa hawatajua. Mtihani ule ulikuwa wa kupima asidi kwa kudondosha. Unaweka asidi kwenye chupa, unatia matone machache ya dawa ya kuonyesha rangi, kisha juu yake unadondosha alkali kutoka bureti, mrija mrefu wa kioo wenye kibomba chini. Tone moja linageuza maji kuwa waridi hafifu, na hapo unafunga haraka. Ukichelewa, rangi inakolea kama juisi ya kwenye harusi, na kipimo chako hakina maana tena. Tena kipimo kimoja hakitoshi, lazima upate viwili vinavyolingana. Darasa lile lilikuwa limeniona mimi nikifanya, mara moja, wao wakiwa wamesimama nyuma wakirefusha shingo. Mikono yao haikuwahi kugusa kitu. Na bila alama za vitendo, somo zima linaanguka. Hilo nilikuwa nalijua nilipomwambia Mkuu kwamba nashukuru, nitaondoka.

Jioni ile nikampigia mdogo wangu. Akapiga kelele za furaha, akamwita binti yangu, naye akaniuliza kama nakuja kesho au kesho ya kesho.

Kesho yake baada ya masomo nilikuwa kwenye stoo ya maabara, nafunga vitabu vyangu kwenye boksi, Shangazi alipogonga mlango. Hakuwa shangazi wa mtu. Alikuwa mwanafunzi wangu, ila alikuwa mkubwa kuliko wenzake, maana aliacha shule alipopata mtoto, akakaa miaka nyumbani, kisha akarudi na kuvaa sare tena kati ya watoto wanaotosha kuwa wadogo zake. Walimwita hivyo kwa utani, naye akalikubali jina na madaraka yake yote. Aliwakaripia wakichelewa na kuwashonea vifungo vilivyokatika. Sheria za kule zilimpa nafasi hiyo moja tu ya kurudi. Alitaka kusomea uuguzi, na chuo cha wauguzi hakipokei mtu asiye na kemia.

Aliangalia boksi, kisha akaniangalia mimi. Akauliza kama ni kweli ninaondoka wiki ijayo. Nikasema ni kweli. Nikaongeza, kama mtu anayejitetea mahakamani, kwamba walimu wenzangu walishaniaga zamani.

"Walimu ndio waliokuaga, Mwalimu," alisema. "Sisi hatukualikwa. Sisi bado tuna mwalimu."

Nikamwambia nina mtoto nyumbani. Nadhani nilitaka anionee huruma.

"Na mimi ninaye," akasema. "Namwacha kila asubuhi analia. Namwambia mama anakwenda kumaliza kitu. Sasa nisipokimaliza, nitakuwa nimemliza bure."

Hakusema kwa ukali. Aliniinulia boksi, akaliweka juu ya meza ili nisiiname, akaaga, akaenda zake. Nilikaa kwenye stuli nikamchukia kwa muda mfupi, kwa sababu alisema kweli.

Kumwambia mdogo wangu kwamba sitakuja mapema ilikuwa kazi ngumu kuliko yote ya mwaka ule. Alinuna kwanza. Kisha simu ikanyakuliwa na Mama, ambaye haoni haya kwenye methali. "Mchama ago hanyele," akasema, "huenda akauya papo. Anayehama kambi haichafui, huenda akairudia. Fanya kazi ya watu uimalize. Mtoto hataota mvi." Binti yangu alipoambiwa, aligoma kuzungumza nami. Nililia, nikanawa uso, nikaenda kwa Mkuu kumwomba anirudishe kwenye ratiba. Akasema hilo halijawahi kutokea, mtu aliyeagwa kutangua kuagwa kwake, lakini akasaini.

Nisidanganye kwamba tangu siku hiyo niliamka kila asubuhi nikiwa na moto. Asubuhi nyingine nilijikokota. Nilichogundua ni kwamba nikikaa chumba cha walimu roho inakwenda nyumbani, na nikikaa maabara inatulia. Basi nikahamia maabara na stuli yangu, mwalimu wa jiografia naye akapata kukaa vizuri. Bureti nzima zilikuwa chache mno kwa darasa lile, nyingine zimepasuka vichwa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikaenda duka la dawa nikanunua mabomba ya sindano yasiyo na sindano, na wale waliokosa bureti wakajifunza kwa hayo kwanza, kusukuma tone moja, si mawili, tone moja.

Walikuwa hawafai kabisa. Mmoja, tuliyemwita Mchungaji, aliiombea chupa kabla ya kuanza, na maombi yake yalikuwa marefu kuliko kazi. Wengine walitazama mrija badala ya chupa. Mbovu kuliko wote alikuwa Shangazi mwenyewe. Vidole vyake vilikuwa vimezoea kufua na kubeba, akakishika kibomba kama anafungua bomba la uani, na kila mara chupa yake ikawa nyekundu tupu. Na kila mara akakata tamaa. Aliweka vitu chini, akasema basi, yeye mkono wake ni wa jikoni, wenzake waendelee. Nilimkaripia kama alivyowakaripia wenzake. Nikamwambia kinachoharibika ni maji tu ya kwenye chupa. Yamwage, osha, anza. Alikuwa anamwaga kwa hasira, anaosha kwa hasira, anaanza. Wiki zikapita hivyo. Siku aliyopata waridi hafifu kwa mara ya kwanza, aliogopa hata kupumua, akanionyesha kwa jicho tu. Siku ile nilirudi chumbani kwangu nikiimba, nami si mtu wa kuimba.

Binti yangu alikubali kuzungumza nami tena, kwa masharti yake. Nilimsimulia habari za maji yanayobadilika rangi. Akataka kujua kama yanaweza kuwa ya zambarau.

Siku ya mtihani niliandaa dawa zote asubuhi, nikampokea msimamizi aliyetoka shule nyingine, kisha nikatolewa nje. Ndiyo kanuni: mwalimu wa somo haruhusiwi kuwa ndani. Mlango ukafungwa. Nilisimama kwenye korido karibu na bomba la kunawia, sina la kufanya, nikihesabu dakika kana kwamba mimi ndiye ninayepimwa. Mwalimu wa biashara alipita, akaniangalia, akakosa utani. Akasimama nami kidogo, kisha akaenda kufundisha.

Nilichoweza kupata ni sauti tu. Stuli zikaburutwa, vioo vikagongana, halafu kimya kirefu. Kisha nikasikia kutoka pembe ya madirisha, pale nilipojua Shangazi alikuwa amekaa, mtu akivuta pumzi kwa nguvu kupitia meno. Niliifahamu ile pumzi. Nilikuwa nimeisikia muhula mzima. Alikuwa ameharibu. Nikashika ukuta, nikangoja kusikia vitu vikiwekwa chini na stuli ikisukumwa nyuma, maana hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya, na safari hii sikuwepo wa kumkaripia.

Bomba likafunguliwa ndani. Maji yakamwagika kwenye sinki, yakasuuza, yakasuuza tena, taratibu, bila hasira yoyote. Bomba likafungwa. Halafu kimya tena.

Walipotoka, walitoka wakiongea wote kwa pamoja, wakinizunguka na namba zao. Shangazi alikuwa wa mwisho. Pindo la mkono wa sare yake lilikuwa limelowa.

"Ya kwanza niliiharibu, Mwalimu," alisema. "Nikamwaga, nikaosha, nikaanza upya. Ya pili na ya tatu zimekubaliana."

Nikamshika mkono uleule uliolowa, tukasimama hivyo kwenye korido, mpaka akacheka na kuniambia nimwachie, mtoto wake anamngoja.