Maranda ya Mwerezi

Fundi seremala hakujua kuomba radhi. Akikukosea leo, kesho utakuta kiti chako kilicholegea kimegongwa misumari mipya, na hapo ndipo mwisho wa kesi. Marehemu mkewe alikuwa na stuli nyingi kuliko jirani yeyote, na kila stuli ilikuwa na kisa chake.

Lakini kosa alilomfanyia mwanawe wa kiume halikuwa la stuli. Miaka miwili nyuma alimfukuza kwa sababu ya nyoka. "Chagua," alimwambia, "mimi au hayo madude yako." Kijana akachagua, akabeba chatu wake wawili, akaenda kupanga chumba upande wa pili wa mji. Huko homa ikamkamata, na baba alipopata habari, mtoto alikuwa ameshakufa. Dada mtu ndiye aliyekwenda kuchukua vitu vyake. Akarudi na wale nyoka, akawaweka chumbani mwake, na safari hii Fundi hakuthubutu kufungua mdomo.

Tangu mazishi, binti yule akawa mtu wa salamu na kupita. Anapika, anafunika, anaingia chumbani. Fundi anakula peke yake akiutazama mlango uliofungwa. Alichotaka kilikuwa kimoja tu, kwamba mlango ule ufunguke na binti yake atoke akae naye, hata kama ni kumtukana.

Ndipo binti akapata safari ya kikazi ya siku nne. "Wameshakula," alisema akiwa na begi mkononi. "Wabadilishie maji tu. Kingine usiguse."

Kumwambia seremala asiguse! Alipoingia chumbani na jagi la maji, aibu ilimshika. Nyoka walikaa kwenye maboksi mawili ya plastiki ya kuwekea nguo, yamepangwa sakafuni, mifuniko imekazwa kwa mpira. Matundu ya hewa yalitobolewa kwa msumari wa moto, moja huku, moja kule, kazi ya mtu asiyejua rula. Na chini kulitandikwa gazeti! Chatu jike mkubwa, ambaye marehemu kijana alimwita Bibi, alikuwa amejikunja juu ya ukurasa wa michezo. Mtoto wa seremala, mnyama wake analalia gazeti.

Fundi akafunga karakana, akaacha kazi za watu. Akatengeneza kabati la wazi lenye rafu mbili za kuwekea maboksi, akayatoboa matundu mapya kwa keekee, yote kwenye mstari. Kisha akashusha ubao wa mwerezi aliokuwa ameutunza kwa ajili ya kabati la harusi ya binti yake, akaupiga randa wote mpaka ukaisha. Hakutaka ubao, alitaka maranda. Yalitoka membamba, mekundu, yananukia nyumba nzima. Yakatosha boksi moja tu, basi akampa Bibi, kwa kuwa mkubwa hutangulia. Yule mdogo akabaki na gazeti lake.

Siku ya pili Bibi aliinua kichwa na kuachama. Fundi akadhani anapiga miayo. Akachuchumaa mbele ya boksi, na neno aliloshindwa kulisema miaka miwili likatoka lenyewe. "Nisamehe, mwanangu," alimwambia nyoka, akalia mpaka fulana ikalowa. Siku ya tatu Bibi alikuwa ametulia, na Fundi akafurahi kwamba amezoea.

Binti aliporudi, harufu ilimpokea mlangoni. Akaangusha begi. "Umeweka nini humu?"

"Mwerezi," Fundi alisema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alikuwa anatabasamu. "Mwerezi mtupu, mwanangu. Hakuna mchanganyiko."

Binti alifungua mfuniko. Bibi alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi, povu limekauka. Akamtoa, akamlaza sakafuni, akamfuta mdomo kwa upindo wa kanga yake, akamgusa huku na huku. Hakukuwa na uhai.

"Mafuta ya mti huu ni sumu kwao, Baba. Si wewe unayewaambia wateja kwamba kabati la mwerezi haliingii mdudu? Ulidhani mdudu anafukuzwa na nini?"

Ni kweli. Maneno hayo alikuwa akiyasema kila siku, miaka thelathini, huku akipigapiga ubao kwa kiganja.

"Nilitaka apate kilicho bora."

"Ungeniuliza. Kuuliza si ujinga."

"Ningekuuliza vipi, na wewe husemi na mimi?"

Binti akamtazama. "Kaka naye alikuwa hasemi na wewe. Alikuwa anangoja umuulize hata hali tu. Kila jioni aliweka simu karibu. Mpaka alipoumwa aliniambia, usimpigie, ngoja apige mwenyewe."

Fundi alikaa chini palepale, kwenye maranda yaliyomwagika. Akavuta gazeti jipya, akalivuta na boksi la yule mdogo, maana gazeti la ndani kwa vyovyote lilihitaji kubadilishwa.

"Nikunje mara mbili au mara tatu?" aliuliza.

Binti akalichukua gazeti mkononi mwake, akalikunja mwenyewe.

"Huyu nahama naye kesho," alisema.