Kiti Kilichokataliwa Mara Tatu

Inatangazwa kwa wakazi wote wa mtaa wa Rosettenville, na kwa ulimwengu kwa jumla, kwamba Chuo cha Kimataifa cha Kiingereza cha Maisha Halisi kimefungua milango yake. Mlango ulikuwa mmoja, wa duka la ushonaji la Bi Mwatumu, na ulifungwa kwa kamba. Mkuu wa chuo alikuwa mwanawe Yasini, aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni. Mwanafunzi naye mmoja: Goreth, jirani Mrundi, aliyetafuta kazi ya kufua katika nyumba ya wageni. Alishajaribu kwingine mara nne, na kila mahojiano yalipoanza Kiingereza kilimkwama kooni.

Basi meza ya cherehani ikawa ofisi, na Yasini akavaa tai ya shule akawa meneja. Kila asubuhi Goreth alibisha hodi, akaingia, akajieleza. Aliendelea vizuri, vizuri mno, hata mkuu wa chuo akaanza kuchoshwa.

"Leo tunaingia kwenye utamaduni," alitangaza Jumatano. "Ukikaribishwa kiti, kataa. Mara ya kwanza ni adabu tu. Ya pili wanakupima. Ya tatu, funga mikono nyuma, sema utasimama."

"Hata miguu ikiuma?"

"Hasa ikiuma, dada Goreth."

Hivyo ndivyo wanafunzi wapya walivyoteswa bwenini kwa kina Yasini. Alikusudia kumwambia Goreth ukweli Ijumaa. Mahojiano yalikuwa Jumatatu.

Alhamisi Goreth alichelewa. Alitokea saa nane mchana na gauni la kanisani, simu mkononi.

"Mwalimu! Wameniita leo leo! Kiti nimekataa mara tatu. Mama meneja akaona haya, naye akasimama. Nusu saa nzima, eish, na mguu wake una bandeji!"

"Na kazi?" Yasini aliuliza.

"Anasema Kiingereza changu kizuri, ila hana hakika kama niko timamu. Nimemwambia nina mwalimu. Mama mwenyewe huyu hapa kwenye simu, mweleze desturi."

Bi Mwatumu alisimamisha cherehani, akasukuma kiti kwa mguu. "Kaa, mkuu wa chuo. Ongea."

Yasini hakukaa. Alishika simu kwa mkono mmoja, mwingine akauweka nyuma, na kwa Kiingereza cha shule akasema kwamba dada huyu hana kosa, chuo hakipo, na desturi ile ni mzaha wa bwenini aliomfundisha yeye mwenyewe kwa kumchezea.

Goreth, ambaye mpaka hapo hakuwa na habari, alielewa kila neno.