Sufuria Iliyochemka Bila Moto

Dokta Mektilda alikuwa na shahada tatu za kemia na mama mwenye macho mekundu. Ukimuuliza kwa nini alisoma mpaka akafika huko, hakuwa na hotuba ndefu. Alikuonyesha mama.

Elina, mama yake, alipikia mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe tangu siku aliyoolewa, maana vijijini Bariadi miti ilikuwa imebaki hadithi. Moshi wa mchanganyiko ule unaingia machoni kama pilipili, na ukishaingia umehamia. Sasa tusifichane: katika nchi ile, miaka ile, bibi mwenye macho mekundu hakuwa salama. Mvua ikikatika, ndama akifa, mtoto akiumwa tumbo, watu walitazamana kwanza, kisha wakamtazama yeye. Kijiji cha jirani bibi mmoja alikuwa ameshauawa kwa mapanga, kosa lake macho tu. Elina akaanza kwenda kisimani kajifunika khanga mpaka kwenye nyusi, kichwa chini, kama mwizi. Mektilda alipokuja likizo na kumkuta anatembea hivyo, alilia kwa hasira, akarudi maabara na hasira ileile.

Huko alishughulika na gesi ya mavi ya ng'ombe na mabua ya pamba. Gesi yenyewe si ajabu, kwani mavi yakifungiwa shimoni yanaitoa bila kuombwa. Shida ilikuwa harufu. Ilinuka yai viza, na hakuna Msukuma mwenye akili timamu ambaye angetia mdomoni ugali uliopikiwa kitu chenye harufu ile. Hapo ndipo Mektilda alipoonyesha ufundi wake. Aligundua kwamba ukiipitisha gesi kwenye kopo la udongo mwekundu aliouandaa kwa namna yake, kutu iliyomo kwenye udongo inaidaka harufu yote. Na udongo ukichoka huutupi, unauanika tu, upepo unaurudishia nguvu. Wanakemia wa ng'ambo walisoma andiko lake wakampongeza. Hata kamati ya tuzo ya sayansi kule Dar es Salaam ikapata habari.

Lakini ilikuwa miaka ya soko huria. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kumiminika na mizani zao, na serikali ilikuwa inapunguza kila kilichopunguzika. Profesa Constantine, mwenyekiti wa kamati, alimwambia waziwazi.

"Dokta, kemia yako sina wasiwasi nayo. Ila siku hizi tunaulizwa, je, watu wataitumia? Tutakuja Nane Nane huko kwenu tuone. Wakiikubali, tuzo ni yako pamoja na fedha za kujenga mitambo vijijini. Wakiikataa, kitengo chako kinafungwa."

Mektilda aliondoka akiwa na picha moja tu kichwani: mama yake akipika bila moshi, au mama yake akiendelea kujifunika khanga mpaka siku watu watakapomjia na mapanga.

Baba yake mdogo, Bundala, mwenye ng'ombe waliotoa mavi ya utafiti, ndiye aliyempa mbinu. Bundala alikuwa manju, yaani kiongozi wa ngoma, na hata uzeeni alizungumza kama anayeimbia uwanja mzima.

"Ng'wanawane, mwanangu, usihutubie," alimwambia. "Wewe ukianza mambo yako ya hewa kuoana na hewa, watu watalala. Cheza mbina."

Mbina, kwa asiyejua, haina hakimu wa kuandika alama. Vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji wanakimbilia wanakopendezwa. Upande wenye umati umeshinda, kwisha habari. Ndiyo maana manju wengi walitafuta samba, dawa ya kuvuta watu, na ikisemwa manju fulani ana samba kali, wapinzani wake huanza kushindwa kabla hawajavaa njuga.

Nane Nane ilipofika, mpinzani alikuwapo tayari. Januarius, mfanyabiashara kutoka Mwanza, alikuwa amesimamisha banda la majiko ya mafuta ya taa upande wa pili wa uwanja, na jenereta, na spika mbili zenye sauti ya kuamsha wafu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini cha Januarius kilitembea kwa muziki, na Bariadi nzima ilikuwa upande wake ikicheza.

Upande wa Mektilda kulikuwa na meza, jiko la chuma, kopo la udongo mwekundu, na mpira wa ndani wa tairi la trekta uliojazwa gesi nyumbani kwa Bundala. Ili gesi isukumwe ilitakiwa kitu kizito juu ya mpira, na Bundala akajitolea kuwa kitu hicho. Aliukalia mpira kwa heshima zote, kofia kichwani, fimbo mkononi. Elina alisimama nyuma ya jiko, khanga mpaka kwenye nyusi. Mektilda aliwasha, akabandika sufuria ya maji, akasubiri watu.

Hapo ndipo mkemia mzima alipokosea. Miaka yote aliwasha gesi yake ndani ya nyumba, na mwali wake wa buluu ulionekana vizuri. Hakuwahi kuuwasha juani. Na jua la Bariadi saa sita mchana liliumeza ule mwali wote. Kwa macho ya mtu yeyote aliyepita, jiko lilikuwa halina kitu: hakuna kuni, hakuna mkaa, hakuna moto.

Kisha maji yakaanza kuchemka.

Aliyeona kwanza ni Scola, muuza vitumbua. Alisimama, akainama kutazama chini ya sufuria, akanyooka kama aliyeumwa na nge.

"Jamani! Inachemka bila moto!"

Neno hilo lilivuka uwanja haraka kuliko spika za Januarius. Wawili wakaja, ishirini wakafuata, kisha umati mzima ukageuka na kuja mbio, vumbi juu, watoto mabegani, mpaka Januarius akabaki na jenereta lake na mbwa mmoja. "Samba!" watu walipiga kelele. "Hiyo ni samba!" Wanawake walipiga vigelegele. Bundala, juu ya mpira wake, alikuwa anang'aa. Mektilda alisikia moyo ukimpanda kwa furaha. Umati haukupata kuwa mkubwa hivyo Bariadi hata kwa manju mashuhuri.

Profesa Constantine alijipenyeza mpaka mezani, jasho likimtiririka. "Hongera, Dokta," alisema. "Nimeona kwa macho yangu. Tuzo ni yako."

Na palepale, nyuma ya profesa, Mektilda akasikia sauti ya mwanamume mmoja, haikuwa kubwa wala ya hasira.

"Dawa yenyewe ni ya yule bibi. Mtazameni macho."

Vigelegele vikapungua. Watu wakamtazama Elina, na Elina akashusha khanga ikafunika hata macho. Furaha yote ya Mektilda ikageuka barafu. Alielewa alichokifanya. Leo wangeshangilia samba ya bibi mwenye macho mekundu. Kesho ndama angekufa kwa mtu.

"Nyamaza," Bundala alimnong'oneza. "Tumeshinda. Usiharibu mbina."

"Baba mdogo, huku si kushinda."

Akapanda juu ya meza.

"Mwadila, wazazi!" aliwaamkia kwa Kisukuma, na uwanja ukaitikia. "Sikilizeni. Hii si samba! Hakuna dawa hapa. Moto upo, jua ndilo limeuficha."

Umati ulinung'unika. Hakuna anayependa kuambiwa muujiza wake si muujiza. Pembeni baadhi walianza kuondoka, na spika za Januarius zikafufuka. Mektilda aliona watu wakimponyoka, na tuzo pamoja nao, lakini hakushuka.

"Scola! Niazime kaniki yako."

Scola akamvulia ile nguo nyeusi begani. Mektilda akaitanda juu ya jiko kama hema, akamwambia aingize kichwa. Scola akaingiza kichwa, akakaa humo kitambo, akatoka mdomo wazi.

"Upo! Wa buluu! Unacheza chini ya sufuria!"

Wakaja mmoja mmoja kuchungulia. Yule mwanamume wa maneno naye akachungulia, akatoka bado ana shaka. "Hata hivyo, mwenye dawa anaweza kuwasha moto wa rangi yoyote."

"Sawa," Mektilda alisema. "Samba ya manju inamtii nani?"

"Mwenyewe!" uwanja ukajibu. Jambo hilo hata mtoto alilijua.

"Mkono wa mwingine?"

"Haukubali!"

Akamwambia Scola aishike kaniki juu ya jiko iwe kivuli, akafunga koki ya gesi. Mwali ukafa, maji yakatulia. Akainua kiberiti juu watu wote wakione, akaita kwa sauti iliyovuka uwanja.

"Januarius! Njoo uwashe wewe!"

Januarius alikuja anaburuza miguu, kama ng'ombe anayepelekwa joshoni. Akapokea kiberiti, akakiwasha huku amegeuzia uso pembeni, Mektilda akafungua koki, naye akakisogeza. *Fu!* Mwali ukashika. Akatazama mkono wake mwenyewe, mkono wa muuza mafuta ya taa, akasahau biashara yake yote.

"Nimewasha mimi!" alipiga kelele. "Jamani, ni mimi nimewasha!"

Uwanja ukalipuka. Waliokuwa wameondoka wakarudi mbio. Scola akawasha, mwenzake akawasha, hata yule mwanamume aliwasha, akajinusa vidole na kukuta havinuki. Mektilda akawageukia wanawake.

"Mmeona moshi?"

"Hakuna!"

"Basi jueni macho ya mama yangu ni ya moshi, si ya uchawi. Aliyepikia mabua ya pamba na macho yake ni meupe, ajitokeze hapa."

Hakutokea mtu. Scola ndiye aliyefuta uso wake kwanza kwa kiganja, akawageukia watu. Macho yake, na hakuwa hata na miaka arobaini, yalikuwa mekundu. Mwingine akasogea, na mwingine, mpaka mbele ya jiko kukawa na safu ya wanawake wenye macho ya Elina.

Bundala hakuweza kuvumilia. Alisimama aimbe, mpira ukapumua, mwali ukanywea.

"Kaa, baba mdogo!" Mektilda alipiga kelele.

Akakaa. Na hivyo manju mashuhuri akaongoza wimbo wa ushindi mkubwa kuliko yote maishani mwake akiwa amekalia mpira wa tairi.

"Mchawi wetu tumemkamata!"

"Nani?"

"Moshi!"

"Aliyewatia mama zetu macho mekundu!"

"Moshi!"

Waliimba mpaka Januarius akazima spika zake ili asikie vizuri. Profesa Constantine alisimama juu ya kiti akatangaza tuzo, na hakuna aliyemsikia. Elina akashusha khanga mabegani. Akatia unga, akasonga ugali kichwa juu, mbele ya Bariadi yote, akamega tonge la kwanza akampa binti yake.

Cheti cha tuzo kilikuja baadaye kikiwa kwenye fremu. Mektilda hakukipeleka ofisini. Alikitundika jikoni kwa mama yake, ukutani juu ya jiko la gesi, mahali ambapo zamani hata kalenda ilikuwa nyeusi kwa masizi kabla ya Pasaka. Mpaka leo ni cheupe.