Maombi Yenye Utaratibu

Mwaka ule vita vilikuwa vimekwisha, na sukari nayo ilikuwa imekwisha, lakini Pantaleo alikuwapo. Alikuwa meneja wa duka la ushirika pale Mchafukoge, pua na mdomo na Kariakoo, na kwa sababu hiyo alikuwa mkubwa kuliko wakubwa wengi. Mbunge angeweza kukuahidi sabuni. Pantaleo alikuwa nayo. Watu waliozoea kumwita "yule mfupi wa Masasi" sasa walimwita Ndugu Meneja, na walianza kucheka kabla hajafika kwenye sehemu ya kuchekesha.

Alikuwa pia Mkristo, tena si Mkristo wa kuokota. Jumapili moja padre alihubiri kwamba kila aliyebatizwa ni mtoto wa Mungu, na Pantaleo, pale kwenye benchi la mbele, alitikisa kichwa kwa kuridhika, maana aliona amelielewa jambo hilo kuliko padre mwenyewe. Nani katika mji huu asiyejua maana ya mtoto wa mkubwa? Mtoto wa mkubwa hapangi foleni. Anapita mlango wa nyuma, anachukua sukari yake, na bado watu wanamwamkia. Basi na mbinguni, kama mambo ni hayo, yeye angepitia uani.

Ajabu ni kwamba mtoto huyu wa Mkubwa, akifika mbele ya Baba yake, alisali kama karani anayeomba likizo. Alifunga vifungo vyote vya kaunda suti, akasimama kando ya kitanda, akakohoa, akaanza: "Ee Mwenyezi Mungu, Mtukufu, Mwenye enzi na mamlaka yote, kwa heshima na taadhima naomba kuwasilisha mbele yako mambo yafuatayo." Mambo yafuatayo yalikuwa jambo moja tu, kila siku lile lile. Klara arudi.

Klara alikuwa binti yake, naye hakuwa na mwingine. Mwaka uliopita alikwenda Bomani akafunga ndoa na Bakili, mkaanga samaki wa Feri, bila posa, bila mshenga, bila mtu yeyote kuja kukaa sebuleni kwa Pantaleo na kuzungukazunguka maneno kama inavyopasa. Watu walidhani kilichomuuma mzee ni dini, kwa kuwa Bakili ni Mwislamu. Wengine walidhani ni harufu ya samaki. Wapi! Dini angeijadili, harufu angeizoea. Kilichomkaa kooni ni utaratibu. Akatangaza kwamba Klara asikanyage nyumbani kwake mpaka aje na wazee wawili, apige magoti, na aombe radhi mbele ya mashahidi. Kisha akaenda chumbani kumwomba Mungu atekeleze, na masharti akayataja moja moja, Mungu asije akakosea.

Na mzee aliteseka, tusimsingizie. Akimwona msichana yeyote mwenye mwendo wa Klara anakatiza barabara, moyo ulimruka, kisha ukarudi mahali pake ukiwa mzito zaidi. Alimpenda yule mtoto mpaka ikamuuma. Ila hakujua mahali pa kuanzia kulisema hilo bila kufungua kikao.

Mkewe Evarista alisali kivingine. Alikuwa akichambua mchele, na bila kuacha kuchambua alisema, "Baba, mwanangu yule. Unamwona. Nakuachia wewe." Kisha akapeperusha ungo.

"Ndiyo sala hiyo, Mama Klara?" Pantaleo alimuuliza. "Hata kwa balozi wa nyumba kumi huendi hivyo. Hujamsifu, hujajieleza, hujasema unataka lini."

"Mimi naongea na baba yangu," Evarista akajibu. "Wewe endelea na balozi wako."

Pantaleo akamhurumia. Mwanamke wa watu hakuwahi kukaa kwenye kamati.

Sasa ikaja habari kwamba maziwa ya kopo yameletwa dukani. Enzi zile foleni hukuipanga kwa miguu peke yake, ungezirai. Jioni uliweka jiwe, au tofali, au kikapu kilichotoboka, nyuma ya jiwe la mwenzako, ukaenda zako kulala. Asubuhi kila jiwe lilimngoja mwenyewe, na majirani walilitunzia nafasi yake kama mtu. Jiwe lilikuwa na haki zote za raia. Hakuna aliyethubutu kulisogeza, isipokuwa Ndugu Meneja, ambaye kabla ya kufungua alipita kukagua mstari, na jiwe alilolikuta bila mwenyewe alilitoa kwa mguu.

"Ushirika hauuzii mawe," alipenda kusema. Watu walicheka sana, maana walitaka maziwa.

Asubuhi hiyo alikuta karibu kabisa na mlango kipande cha tofali kilichofungwa kitambaa cha kanga. Nyuma yake alisimama Bibi Mwanamkuu, mwenyeji wa mtaa tangu duka halijawa duka.

"Shikamoo, Bibi. Tofali la nani hili?"

"Marahaba. La binti mmoja ana mtoto mchanga. Kaingia hapo kwangu mara moja kumbadilisha nepi. Liache."

"Ushirika hauuzii mawe, Bibi."

"Maziwa yamemkauka kwa homa, mtoto hana cha kunyonya. Liache, nakwambia."

Pantaleo akalipiga teke likaingia mtaroni. Utaratibu ni utaratibu.

Hapo mwenye tofali akatoka mlangoni kwa Bibi Mwanamkuu, mtoto mgongoni. Alikuwa Klara.

Amekonda. Hilo ndilo Pantaleo aliloliona kwanza, na likamchoma. Kisha akamwona mtoto, ambaye hakujua hata kama yupo duniani. Paji la uso lilikuwa la Pantaleo tupu, maskini ya Mungu.

Hebu tazama mambo. Mtu ameomba mwaka mzima arudishiwe binti yake, na binti huyu hapa, angenyoosha mkono angemgusa. Mungu alikuwa amejibu, ila hakufuata masharti. Wazee hawakuletwa, magoti hayakupigwa, na mwombaji ndiyo kwanza ametoka kulipiga teke tofali la jibu lake.

"Shikamoo, Ndugu Meneja," Klara akasema. Aliinamisha kichwa, mikono ameikutanisha mbele, vile vile alivyofundishwa nyumbani. "Kwa heshima naomba kurudishiwa nafasi yangu. Nilipata udhuru mfupi."

Ndugu Meneja! Pantaleo alitamani kusikia neno lile jingine, na pengine angelisikia kama yeye mwenyewe angetangulia kumwita Klara kwa jina. Lakini foleni nzima ilikuwa imemkodolea macho, na mtu mkubwa akitazamwa huwa mjinga.

"Nenda nyuma," akasema. "Kazini sina mtoto."

Klara akaenda nyuma. Hakunung'unika wala hakulia. Alikwenda kama mtu aliyejua tangu nyumbani kwamba ndivyo atakavyojibiwa.

"Meneja," Bibi Mwanamkuu akasema, kwa sauti ya kufika sokoni, "mimi Mwislamu, ya kanisani kwenu siyajui. Ila nawasikia mkisema Mungu ni baba yenu. Kama ni baba wa namna yako, basi poleni."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Pantaleo akaingia nyuma ya kaunta akaanza kuuza. Makopo yakapungua rafuni, na Klara alikuwa mbali huko, kwenye kona, akimtikisatikisa mtoto ambaye kilio chake kilikuwa chembamba na kimechoka. Pantaleo akajaribu kusali kimoyomoyo. Ee Mwenyezi Mungu, Mtukufu, Mwenye enzi na... Vyeo vikampotea. Akaanza tena, vikampotea tena. "Baba," akasema, na akakwama hapo hapo, kwa kuwa hakuwa na kingine. "Baba, yule mwanangu. Maziwa yasiishe."

Yakaisha.

Watu wakaanza kuguna na kukunja vikapu. Pantaleo akarudi nyuma hatua moja, akataka kukaa, na kisigino kikagonga kitu chini ya kaunta. Lilikuwa boksi la wakubwa. Alikuwa ameliweka pale yeye mwenyewe, likimsubiri dereva wa bwana mmoja wa wilayani ambaye hajawahi kuliona jua la foleni. Pantaleo alikuwa anamwomba Mungu maziwa huku maziwa yenyewe yako miguuni pake.

Aliogopa. Alijua dereva atakuja, atakuta patupu, na kesho huenda meneja akawa mwingine. Akalichana lile boksi.

"Rudini!" akapaza sauti. "Yapo!"

Wakarudi. Aliwauzia wote bila neno, bila utani wake wa kila siku, mpaka Klara akafika mbele yake, wa mwisho.

"Kopo moja, Ndugu Meneja."

Pantaleo alilishika kopo, hakuliachia. "Mimi baba yako," akasema.

"Nikikuita baba ndipo utanipa?"

Aliuliza kwa upole, naye alitaka kujua kweli. Pantaleo akaona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani, maana huo ndio mkataba wenyewe aliokuwa ameuweka, kwa binti yake na kwa Mungu wake pia.

"Hapana," akasema. "Chukua, mama. Hata usiponiita."

Klara akalipa, akalitia kopo kikapuni, akatoka. Pantaleo akamtazama anavyokwenda. Kisha akaacha duka wazi, makaratasi na funguo na hela juu ya kaunta, akatoka mbio na miguu yake mifupi, akamfikia njia panda. Alikuwa anahema. Mbele ya mkubwa gani aliwahi kuogopa hivi?

"Klara. Nataka nije kwenu," akasema. "Nataka nimwone mtoto vizuri. Nianzie kwa nani? Nitume wazee kwanza? Mumeo atataka nije na nani? Niambie utaratibu, mwanangu, nitaufuata wote."

Klara alimtazama yule meneja, kaunda suti imelowa jasho mgongoni, vifungo vyote bado vimefungwa. Midomo ikaanza kumcheza.

"Baba," akasema, "wewe njoo tu."