Faini ya Kantengwa

Kantengwa hakuwa mtu wa kuomba mara mbili. Jambo likikataliwa mara ya kwanza, mara ya pili alikuja kulichukua. Ndivyo mama mkwe wake, bibi Nyirakamana, alivyozoea kumsema, nusu kwa kulalamika na nusu kwa kujivunia. Mwaka 2012 wenyeji wa mlima unaopakana na makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, upande wa Ngarama, walilijua hilo wenyewe.

Alitaka kitu kimoja tu: kuingia katika chama cha machela.

Chama chenyewe kilikuwa hivi. Mtu akizidiwa pale mlimani, pembe hupigwa, na kila nyumba hutoa mwanamume. Mgonjwa hulazwa kwenye machela ya fito, na wabebaji hupokezana mabegani hadi zahanati ya Base Camp, yaliko makao ya wakuu wa makazi. Msimu wa mvua, barabara ikiwa tope tupu, bodaboda haipandi hata ukiiombea dua. Asiye mwanachama hujijua mwenyewe.

Kantengwa alikuwa mjane, Mkongo wa milima ya Kivu Kusini, mwenye binti mmoja, Munezero, na bibi Nyirakamana ambaye kifua kilimbana kila mvua zilipoanza. Shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa kwenye makazi. Wakimbizi wenzake walikaa ng'ambo ya bonde. Moshi wa jiko uliokuwa jirani naye ulikuwa wa wenyeji. Nani angembeba bibi? Swali hilo lilimtia hofu, na hakuona aibu kulisema.

Alilisema mbele ya mkutano mzima. Mwenyekiti, Kezironi, alikuwa sajini mstaafu aliyekula ugali wa kambi ya jeshi Mbarara kwa miaka ishirini. Yeye alimsemesha kila Mkongo kwa Kiswahili cha jeshi, hata yule ambaye wangeelewana vizuri tu kwa Kinyankore.

"Nyabo, mama, hapa iko sheria," alisema. "Nyumba inatoa bega ya mwanaume. Wewe bega yako iko wapi? Halafu nyinyi wakimbizi ni watu ya kuhamishwa Kanada. Leo tunaandika wewe, kesho ndege inabeba wewe."

"Afande, mimi sina jina ku liste ya Kanada," Kantengwa akajibu. "Niko na mikono. Na ile machela yenu imeoza. Tena munashusha mugonjwa kichwa mbele, damu yote inamukimbilia ku macho. Kwetu kule juu tulikuwa tunabeba mutu siku mbili, na anafika muzima."

Watu wakacheka. Akawaambia mmoja alale waone. Hakuna aliyesogea, maana kulala kwenye machela ukiwa mzima ni kujiitia mkosi. Kezironi, ili ijulikane kwamba askari haogopi mkosi, akavua kofia na kujilaza. Wakamteremsha kichwa mbele hadi kwenye migomba, macho yakamtoka pima. Kantengwa akawageuza: miguu mbele, walio mbele wainue mabegani, walio nyuma washushe mikononi. Sajini akateremka amenyooka kama aliyelala kitandani kwake.

Aliposimama alijipangusa magoti. "Iko muzuri," alisema. "Tutafikiri."

Wakafikiri miezi mitatu. Kantengwa hakuwangoja. Alikata fito, akachuna kamba za mkonge, akasuka machela mpya na kuwapelekea. Waliipokea kwa shukrani nyingi, na kesho yake mwanachama mmoja, Bob, akaja mlangoni na mkungu wa matoke. Kantengwa aliutazama ule mkungu na roho ikamuuma. Fundi wa kukodi ndiye anayelipwa na kuambiwa kwaheri. Matoke aliyapika, kwa kuwa chakula hakina kosa, lakini aliyala kwa hasira.

Pembe ilipolia tena, alijifunga kitenge, akashika panga na kutangulia mbele ya wabebaji akifyeka njia. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemfukuza. Mara ya pili akafanya vilevile, tena na maji ya kunywa kichwani. Mara ya tatu Bob alimtupia koti lake, amshikie wakati yeye anapokea zamu.

Kisha akaenda Mbarara siku tatu, kumpelekea unga na maharage Munezero aliyekuwa akijifunza ushonaji huko. Nyumbani akamwacha bibi na Viviane, Mkongo mwenzake, aliyejitolea kupokea malalamiko ya wakimbizi pale Base Camp. Viviane alikuwa binti mwenye moyo mwema na kalamu kali.

Asubuhi baada ya Kantengwa kurudi, Viviane hajaondoka, Kezironi na Bob wakasimama mlangoni. Nyuso walikuwa wamezikunja, na sajini alishika daftari.

"Mama Munezero," alisoma kwa sauti ya gwaride. "Jumanne pembe imelia. Nyumba zote zimefika. Nyumba yako hapana. Hakuna mtu, hakuna ripoti. Faini ni tonto, ile pombe ya ndizi, jerikani mbili. Lakini wewe ni mulokole, pombe hapana. Basi leta bushera, ule uji ya mtama, ile haijachacha. Jumamosi, mbele ya mkutano."

Viviane alikuja juu. "Hii ni nini? Mujane, mukimbizi, amewasukia machela bure, sasa munamutoza? Dada, usitoe hata tone! Niko na formulaire ya malalamiko hapa. Tunaandika leo leo, bakubwa ba Base Camp bataisoma."

Kantengwa hakuwa akimsikiliza. "Afande, jina yangu iko ndani ya ile kitabu?"

"Iko."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu ile siku ya kwanza umefyeka njia."

"Na hamukuniambia!"

Kezironi alimshangaa kweli. "Nyabo, nani anaambia jirani kwamba yeye ni jirani? Mgeni, mimi siwezi kumutoza. Natoza mtu yangu."

Kantengwa akacheka, na machozi yakamtoka wala hakuyaficha. Toka ndani bibi Nyirakamana aliita, akiuliza nani amekufa.

"Hakuna, mama! Banatutoza faini!"

"Yesu asifiwe," bibi akasema.

Kantengwa alijifuta uso kwa pindo la kitenge, kisha akamkazia sajini macho. "Lakini, afande, jerikani mbili ni mingi. Mwaka jana nyumba ya Bob mulitoza moja tu. Nilisikia."

Bob akaanza kuangalia migomba.

"Hiyo utasema mbele ya mkutano," alisema Kezironi.

"Nitasema."

Walipokwenda zao, Viviane alikuwa bado ameishika karatasi yake. "Sasa mimi niandike nini?"

"Andika kwamba nilikosa," Kantengwa alimwambia. "Nilienda Mbarara, sikuaga. Ukimaliza, ukuje unisaidie kusaga mutama."