Nusu Dakika ya Godwin

Siku ya kumzika mama yake, Kisa alikuwa nyuma ya nyumba huko Talatala anapakua wali, Aliko mpiga picha alipokuja kuuliza mahali pa kuchomeka waya wa kamera. Aliko alikuwa amekodiwa kurusha mazishi mtandaoni na Godwin, mdogo wake Kisa na mtoto pekee wa kiume wa marehemu, kwa sababu kazi za Dar es Salaam hazikumruhusu kuja. Hazikumruhusu pia kwa miaka mitatu ambayo mama alilala kitandani, na Kisa akamgeuza, akamwosha, na kuvuna kokoa peke yake.

"Picha inakatwa vipande vya sekunde chache," Aliko alieleza, akipokea sahani. "Inakwenda kwenye mitambo ya kukodi, nje ya nchi huko. Kule wanatoa nakala: safi, ya kati, ya matope. Kila mtazamaji anapewa ile ambayo mtandao wake unaiweza. Upishi wote huo, nusu dakika, ndipo wanaona."

"Wali huu umechukua zaidi," Kisa alisema.

Saa nane Aliko aliwasha mitambo, na watazamaji wakaanza kufika. Walikuja kwa njia ileile ya picha, wakiifuata kinyume mpaka msibani, wakasimama chini ya turubai pamoja na waombolezaji wengine. Binamu Nancy, aliyekuwa na bando dogo, alifika akiwa miraba mitupu kama ubao wa drafti, hana pua. Akina mama walimsalimia kwa kukisia. Godwin, mwenye intaneti ya ofisini, alifika safi hata nyuzi za kola zikahesabika. Viti vikaongezwa.

"Pole, mwanangu, umepoteza mama," bibi mmoja alimwambia, akapita. Ilipofika nusu dakika, Godwin aliinama kwa heshima na kumshukuru mbuzi aliyesimama pale alipokuwa bibi: "Ndaga fijo, bibi."

Jeneza lilipoinuliwa, aliweka bega lake baada ya jeneza kupita, akabeba hewa mpaka kaburini kwa majonzi makubwa. Watu walisema, huyo ndiye mtoto wa kiume.

Walipomaliza kufukia, Baba Mkubwa Eliud aliketisha ukoo palepale, kamera ikiwaka, wamalize suala la shamba la kokoa. Mama alishatamka mbele ya majirani kwamba ni la Kisa. Ukoo ulitaka kusikia kwa Godwin, na katibu wake akafungua daftari.

"Godwin, unatusikia?"

Godwin alikuwa anatazama mbele tu. Baba Mkubwa akanusa ugoro, akapiga chafya, akafuta pua, akaendelea.

"Wewe ndiye uliyemuuguza mama yako?"

"Ndiyo, Baba Mkubwa," Godwin akasema.

Katibu akaandika. Kisa akasimama. "Anachelewa. Hapo amejibu swali la kwanza. Subirini nusu dakika tu."

"Kaa, binti. Umechoka." Baba Mkubwa alitia ugoro tundu la pili la pua, bila haraka. "Godwin, shamba abaki nalo Kisa?"

"Hapana, Baba Mkubwa," Godwin akasema kwa aibu. "Hapana kabisa."

Katibu akaandika. Baba Mkubwa akapiga chafya mbili.

"Basi alisimamie Sylvester?" Sylvester alikuwa mtoto wa Baba Mkubwa, na msibani alikuja na panga.

"Ndiyo. Kwa moyo wote."

Wazee wakapiga makofi, daftari likafungwa, watu wakaenda kula.

"Sylvester? Hapana, jamani," Godwin aliviambia viti vitupu. "Mpeni dada yangu." Aliko akachomoa waya, na wageni wote wakazimika. Nancy alizimika mraba mmoja mmoja.

Asubuhi Godwin alipiga simu, Kisa akamweleza. Godwin alikasirika kweli, akampigia Baba Mkubwa. Baba Mkubwa alimshauri aangalie video. Ilikuwa bado mtandaoni, na watu mia tatu walishaiwekea mioyo. Kabla ya saa nne akampigia Kisa tena.

"Dada, nimeangalia mara mbili. Kweli nilisema."

"Hukuwepo, Godwin."

"Mbona naonekana, dada? Nimekaa palepale mbele."

Kisa akamwambia aendelee na kazi. Mlangoni Sylvester alikuwa anauliza matenga ya kokoa yanakaa wapi, na hakukuwa na mtu mwingine aliyejua. Kisa akatoka kumwonyesha.